Volti 230 Ziko Wapi?

Ukifungua televisheni ndogo ya kawaida na kufuata njia ya umeme kutoka kwenye waya wa ukutani, hutafika mbali kabla ya kukutana na kapasita moja nene, kubwa kuliko vipuri vyote vilivyoizunguka. Ubavuni mwake pamechapwa volti 400 au 450. Mafundi wa Kariakoo na wa Luthuli Avenue wanaijua vizuri, kwa sababu ni miongoni mwa sehemu za kwanza wanazopima kifaa kinapogoma kuwaka, na kwa sababu inaweza kumpiga mtu shoti hata baada ya waya kuchomolewa. Televisheni ikiwa nzima, mita ya DC ikiwekwa kwenye miguu miwili ya kapasita hiyo husoma volti 310, 315, wakati mwingine 320 na ushei. (Televisheni kubwa za kisasa huwa na saketi ya ziada inayopandisha hadi karibu 390. Hizo tuziache.)

Soketi inatoa volti 230. Kati ya soketi na kapasita hakuna transfoma ya kupandisha. Kuna fyuzi, koili ya kuchuja kelele na dayodi nne, na dayodi haijui kuongeza; kazi yake ni kuruhusu umeme upite upande mmoja na kuuzuia usirudi. Volti 90 zimeongezekaje?

Hazikuongezeka. Zilikuwemo kwenye waya muda wote, kapasita ikazikamata. Kinachotuchanganya ni hiyo 230, namba iliyoandikwa kwenye kila chaja, pasi na friji hadi tukaamini kwamba ndani ya waya kuna kitu kimetulia chenye kimo hicho. Hakipo. Namba hiyo ni jibu la swali moja kati ya maswali kadhaa ambayo mtu anaweza kuuliza umeme wa AC, na mita nyingi zinazouzwa madukani hazilijibu swali hilo kwa kupima. Hukisia.

Tuanze na umbo lenyewe. Katika mitambo ya Kidatu au ya Kindaruma, maji huzungusha sumaku katikati ya koili za shaba. Ncha ya kaskazini ya sumaku ikishapita mbele ya koili, ya kusini inafuata, kisha ya kaskazini tena. Kwa hiyo volteji inayozaliwa hupanda, hufika kileleni, hushuka, hupita sifuri, huzama upande wa hasi, hufika chini kabisa, na kurudi. Mchoro wa safari hiyo ni wimbi la saini, lile la darasa la hesabu. Kwetu duru moja huchukua milisekunde 20. Anza kuhesabu pale volteji inapovuka sifuri ikipanda: baada ya milisekunde 5 iko kwenye volti 325, baada ya 10 iko sifuri, baada ya 15 iko kwenye hasi 325, baada ya 20 imerudi ilipoanzia. Mara 100 kila sekunde waya wa moto hauna volti hata moja. Na volti 230 kamili? Zipo, lakini kwa kupita njia tu: kwenye milisekunde ya 2.5 wimbi likipanda, na kwenye 7.5 likishuka. Kisha upande wa hasi hali kadhalika.

Kwa hiyo mtu akikuuliza soketi ina volti ngapi, unaweza kumjibu 325, ukiwa umepima kutoka sifuri hadi kileleni. Unaweza kumjibu 650, ukiwa umepima kutoka kilele hadi bonde. Unaweza hata kumjibu sifuri, ukiwa umetafuta wastani wa duru nzima, maana kila kilichopanda kimeshuka vilevile. Hakuna jibu hapo lililo la uongo. Mvuvi wa Kigamboni anayetaka kujua kama mtumbwi wake utapita juu ya mwamba hana haja na wastani wa bahari. Anauliza maji yamekupwa kiasi gani. Anayejenga ukuta ufukweni anauliza bamvua hufika wapi. Anayetengeneza ganda la waya, au anayechagua kapasita ya televisheni, ni kama huyo mjenzi: kinachomhusu ni kilele, kwa sababu plastiki haipasuki kwa wastani. Ndiyo maana ile kapasita haikuandikwa 250.

Jibu la sifuri lina hatari yake. Zungusha kitufe cha mita kwenye upande wa DC, ingiza ncha kwenye soketi iliyo hai, nayo itakuonyesha sifuri au tarakimu ndogo inayochezacheza. Mita iko sahihi kabisa. Umeiomba wastani, ikakupa wastani, na mkono wako ukiamini kwamba hapo hakuna umeme utakutana na 325. Mafundi makini wana kawaida ya kupima mara tatu kabla ya kugusa: kwanza kwenye waya wanaojua una umeme, pili kwenye ule wanaotaka kuufanyia kazi, tatu tena kwenye ule wa kwanza, wahakikishe mita haikufa katikati ya kazi. Wanaofanya hivyo ni wachache kuliko inavyostahili.

Sasa 230 ilitoka wapi? Ilitoka kwenye joto. James Joule, mtoto wa mwenye kiwanda cha bia karibu na Manchester, alionyesha mwaka 1841 kwamba joto linalozalishwa kwenye waya hufuata mraba wa mkondo: mkondo ukiongezeka maradufu, joto linakuwa mara nne. Na mraba una tabia moja inayotufaa sana hapa, kwamba hasi ikizidishwa kwa hasi inakuwa chanya. Pasi haijali umeme unakwenda au unarudi. Inapata moto vyovyote vile. Basi badala ya kuuliza wastani wa volteji, watu wakauliza hivi: ni volti ngapi za DC, zilizotulia, zingechemsha maji ya birika hili kwa muda uleule? Hilo lina jibu moja lenye maana kwa kila mtu anayelipia umeme.

Njia ya kulipata ni hii. Chukua volteji ya kila kitambo, izidishe kwa yenyewe, tafuta wastani wa miraba yote ya duru nzima, kisha tafuta kipeuo cha pili cha wastani huo. Wahandisi wana herufi tatu za kuiita, RMS, na herufi hizo utazikuta kwenye mita yako. Mimi katika sura hii nitaziita volti za joto. Kwa wimbi la saini hesabu inatoka vizuri mno. Mraba wa saini ukijumlishwa na mraba wa kosaini hupatikana 1 daima. Lakini kosaini ni saini ileile iliyotangulia robo duru, kwa hiyo katika duru nzima miraba yao ina wastani ulio sawa. Vitu viwili vilivyo sawa, jumla yake 1: kila kimoja ni nusu. Basi wastani wa miraba ya volteji ni nusu ya mraba wa kilele. Mraba wa 325 ni 105,625. Nusu yake ni 52,812 na ushei. Kipeuo chake ni 229.8. Hiyo ndiyo 230 yetu. Ukitaka njia ya mkato, gawanya kilele kwa 1.414, au zidisha volti za joto kwa 1.414 upate kilele. Njia hiyo ya mkato ni halali kwa wimbi la saini peke yake, na ni muhimu kulikumbuka hilo kwa sababu baada ya aya chache litatuletea matatizo.

Hata namba rasmi yenyewe ina siasa ndani yake. Nchi nyingi za bara la Ulaya zilikuwa zikitumia 220, Uingereza 240. Walipotaka namba moja walichagua 230, kisha wakapanga mipaka ya kuruhusiwa kwa upana wa kutosha ili transfoma za pande zote mbili ziingie humo bila kuguswa. Mwaka 1995 Uingereza ikawa nchi ya volti 230 kwenye karatasi, kuongeza asilimia 10 au kupunguza asilimia 6, na soketi nyingi za London ziliendelea kutoa karibu 240 kama zilivyotoa mwaka uliotangulia. Kenya huandika 240, Tanzania 230, na balbu moja huwaka pande zote mbili za mpaka wa Namanga bila kuuliza.

Turudi kwenye mita. Ile ya zamani yenye mshale ina koili ndogo inayoning'inia ndani ya sumaku. Mkondo ukipita, koili inajipinda na mshale unasogea. Ukiipa AC, mshale unatakiwa kwenda kulia na kushoto mara 50 kwa sekunde, na kwa kuwa una uzito hauwezi, unabaki ukitetemeka kwenye sifuri. Watengenezaji wakaweka dayodi mbele yake, zikaligeuza bonde kuwa kilima, na sasa mshale ukaonyesha wastani wa vilima. Wastani huo kwa wimbi la saini ni 0.637 ya kilele: kwa 325 ni volti 207. Lakini mteja anataka 230. Ufumbuzi ulikuwa mwepisi, na ningeuita wa kijanja kama usingekuwa umeenea kote: namba kwenye uso wa mita zilichapwa zikiwa zimeshazidishwa kwa 1.11. Mshale unasimama pa 207, uso wa mita unasema 230. Mita za kidijitali za bei nafuu zimerithi mtindo huohuo. Ndani yake zinapima wastani, zinazidisha kwa 1.11, na kukuonyesha tarakimu kana kwamba zimepima joto.

Mtindo huo hauna tatizo maadamu wimbi ni la saini. Lakini nyumba nyingi za kwetu leo zina chanzo cha pili cha umeme, paneli ya sola na betri na inveta, na inveta za bei ya chini hazitoi saini. Zinatoa ngazi: volteji inaruka juu, inakaa hapo kwa muda, inarudi sifuri, inakaa, inaruka chini, inakaa, inarudi. Tufanye kwamba inaruka hadi 325 na kukaa huko nusu ya muda wote, nusu nyingine iko sifuri. Volti za joto ni 325 mara kipeuo cha pili cha nusu, sawasawa na 230. Birika litachemka vilevile. Lakini wastani ni nusu ya 325, yaani 162.5, na mita ya bei nafuu ikizidisha kwa 1.11 itasoma 180. Mwenye nyumba anaita fundi, fundi naye anapima na mita ya aina hiyohiyo, anapata 180, na inveta nzima inapelekwa dukani kurudishwa.

Kuna kituko kikubwa zaidi. Betri inapochoka, kimo cha ngazi kinapungua, na inveta iliyotengenezwa vizuri hufidia kwa kuzifanya ngazi kuwa pana ili joto lisipungue. Tuseme kimo kimeshuka hadi 290. Ili kubaki na volti 230 za joto, ngazi inabidi zikae asilimia 63 ya muda. Wastani sasa ni kama 182, na mita inasoma 202. Yaani betri inakufa na mita inapanda! Anayeitegemea mita hiyo atasema hali imekuwa nzuri.

Upande wa mkondo mambo ni mabaya zaidi kuliko upande wa volteji. Kumbuka ile kapasita ya televisheni. Ikishajaa hadi karibu 320, haihitaji umeme tena mpaka wimbi likaribie kilele chake kinachofuata. Hapo ndipo inapovuta, kwa ghafla na kwa nguvu, milisekunde mbili tatu tu, kisha inanyamaza. Kompyuta, chaja, balbu nyingi za LED, zote zina tabia hiyo. Mkondo wa jengo la ofisi lenye vifaa vingi hivyo unafanana na safu ya miiba. Mwiba una kilele kirefu na wastani mdogo, na joto linafuata mraba, kwa hiyo mita ya klampu ya kukisia husoma pungufu, na pengo linaweza kuwa robo au theluthi ya mkondo halisi. Waya unapata moto, kikata umeme kinaruka, mita inasema kila kitu kiko salama. Kwenye jengo la fezi tatu kuna la ziada: sehemu fulani za miiba ya fezi zote tatu haziuani kwenye waya wa nyutro kama inavyotokea kwa saini safi, zinajumlishana. Waya uliotarajiwa kubeba kidogo kuliko wote ukageuka kuwa wenye joto kuliko wote.

Dawa ya yote hayo ni mita inayofanya hesabu yenyewe: inachukua sampuli nyingi ndani ya kila duru, inazidisha kila moja kwa yenyewe, inatafuta wastani na kipeuo. Usoni imeandikwa TRUE RMS. Bei yake imeshuka sana, na sioni sababu ya fundi wa umeme wa majumbani au wa sola kununua aina nyingine. La kushangaza ni kwamba aina mojawapo ya zamani haikuhitaji hesabu hiyo. Kwenye paneli za jenereta kubwa bado utaona mita za mshale ambazo namba zake zimebanana karibu na sifuri na kuachana kuelekea juu. Ndani yake kuna kipande cha chuma kinachovutwa na koili, na nguvu ya kukivuta hufuata mraba wa mkondo, kama joto. Chuma kinapiga mraba, uzito wa mshale unatafuta wastani, na aliyechora namba amekwisha kutafuta kipeuo. Ndiyo sababu zimebanana vile.

Namba moja, hata ikiwa ya kweli, haikuonyeshi umbo. Wa kwanza kulichora wimbi la umeme kwa ufasaha walikuwa na subira ya ajabu. Mwaka 1880 Mfaransa Jules Joubert alifunga kwenye ekseli ya jenereta swichi iliyogusa kwa kitambo kidogo tu katika kila mzunguko, mahali palepale. Akapima volteji ya mahali hapo, akaisogeza swichi kidogo, akapima tena, nukta baada ya nukta mpaka wimbi likatokea kwenye karatasi. Mwaka 1897 Karl Ferdinand Braun, akiwa Strasbourg, akatengeneza bomba la kioo ambamo mwali wa elektroni ulipindishwa na umeme wenyewe na kuchora nuru kwenye kioo. Osiloskopu zikazaliwa hapo. Siku hizi bomba limetoweka, kuna skrini bapa, ila miraba ya kusomea ni ileile: kwa kawaida miraba 10 kwa upana na 8 kwa kimo. Ukiweka milisekunde 5 kwa kila mraba, wimbi letu litachukua miraba minne. Ukiweka volti 100 kwa kila mraba, kutoka kilele hadi bonde litachukua sita na nusu. Unahesabu kwa jicho, unazidisha, basi.

Onyo moja kabla hujaipeleka osiloskopu kwenye soketi. Ule mkia mfupi wa waya wenye kibanio, ulio kando ya ncha ya kupimia, kwenye osiloskopu nyingi za mezani umeungwa moja kwa moja na ethi ya jengo. Ukiubana kwenye waya wa moto umeunga waya wa moto na ardhi, na mlio utakaousikia utakuwa wa bei ghali. Kazi hiyo ina ncha zake maalumu za kupima tofauti, zisizogusa ethi. Asiyekuwa nazo atumie transfoma ndogo ya kushusha, akubali kwamba itaficha baadhi ya vinundu vya wimbi.

Utakachokiona huenda kikakusikitisha. Wimbi la soketi si saini ya kitabuni. Mara nyingi kilele chake kimekatwa kidogo, kimekuwa bapa. Sababu ni zilezile kapasita. Mamilioni yake yanavuta umeme kwa pamoja pale juu, na waya na transfoma za mtaa zinalemewa kwa kitambo hichohicho. Hivyo kilele halisi kinaweza kuwa 315 huku volti za joto zikiwa 230 barabara. Ndiyo maana mwanzoni sikuandika kwamba kapasita ya televisheni husoma 325.

Kimo tumekimaliza, kuna kasi. Masafa ni idadi ya duru kwa sekunde, na kwetu ni hezi 50. Kuyapima kunaonekana rahisi, hesabu tu mara ngapi wimbi limevuka sifuri likipanda. Ila ukihesabu kwa sekunde moja utapata 50 au 49 au 51, hakuna katikati, na tofauti zinazowahusu waendesha mitambo ni za sehemu ya mia. Chombo kizuri hufanya kinyume chake: kinapima kwa saa ya kioo cha kwazi muda uliotumiwa na duru kadhaa, kisha kinagawanya. Hezi 49.9 ni milisekunde 20.04 kwa duru, na milisekunde 0.04 ni muda mrefu sana kwa saa ya namna hiyo.

Masafa ni mzunguko wa mtambo na si kingine. Idadi ya mizunguko kwa dakika, zidisha kwa jozi za ncha za sumaku, gawanya kwa 60. Jenereta ndogo ya petroli yenye jozi moja lazima izunguke mara 3,000 kwa dakika. Ya dizeli yenye jozi mbili, mara 1,500. Ukiipa mzigo inapungua mwendo kidogo, kwa hiyo fundi huirekebisha ikiwa tupu iwe kwenye 52 hivi, ili ikibebeshwa friji na pampu itulie karibu na 50. Gridi ya taifa ina tabia hiyohiyo. Watu wakiwasha vitu kuliko mitambo inavyozalisha, mitambo yote iliyoungana inapungua mwendo kwa pamoja, na mtu mwenye mita ya masafa popote nchini anaweza kuona upungufu huo kwenye soketi yake mwenyewe.

Mmarekani Henry Warren aliuza saa za umeme zilizofuata masafa ya gridi, na akakuta kwamba gridi hazijui kushika wakati. Mwaka 1916 aliwapelekea wenye mitambo wa Boston saa yenye mishale miwili, mmoja ukiendeshwa na pendulamu na mwingine na umeme wao wenyewe. Kazi yao ikawa kuhakikisha mishale haiachani. Karne moja baadaye Ulaya ilikumbushwa somo hilo. Kuanzia katikati ya Januari hadi mwanzoni mwa Machi 2018, mgogoro kati ya Serbia na Kosovo juu ya nani alipie umeme uliopungua uliacha pengo la gigawati-saa 113, na wastani wa masafa ya bara zima ukashuka hadi hezi 49.996. Hakuna balbu iliyofifia kiasi cha mtu kuona. Lakini saa za majiko na za redio zilizofuata gridi zilichelewa kwa karibu dakika sita, kutoka Ureno hadi Uturuki, na watu wakachelewa kazini kwa sababu ya sehemu nne za elfu za hezi.

Kipimo cha mwisho ni cha mawimbi mawili, nacho ni fezi: moja limetangulia lingine kwa kiasi gani. Kwenye osiloskopu yenye njia mbili unapima umbali kati ya sifuri ya wimbi moja na sifuri ya lingine. Volteji ya pampu ya maji ikivuka sifuri, na mkondo wake ukavuka milisekunde 2.5 baadaye, hiyo ni sehemu ya nane ya duru, nyuzi 45. Kosaini ya 45 ni 0.707. Pampu hiyo ikivuta ampea 10 kwenye volti 230, kuzidisha tu kutakupa 2,300, lakini kazi inayofanyika ni wati 1,626. Nishati nyingine inakwenda na kurudi kati ya koili za pampu na mtambo, haipandishi maji hata ndoo moja, ila waya na jenereta vinaibeba. Ndiyo sababu jenereta huuzwa kwa kVA, yaani maelfu ya volti mara ampea, na mnunuzi anayedhani kVA 5 ni kilowati 5 hugundua siku ya kwanza ya kuchomelea kwamba kwa kawaida ni 4. Mita ya LUKU nyumbani haikutozi sehemu hiyo ya kwenda na kurudi. Viwanda havina bahati hiyo.

Kabla ya vifaa vya elektroniki, fezi ilipimwa kwa taa. Mwendesha mtambo anayetaka kuunga jenereta mpya na gridi iliyo hai anafunga balbu tatu, kila moja kati ya fezi ya jenereta na fezi ya gridi inayolingana nayo. Mawimbi yakipishana, balbu zinawaka. Yakilingana, hakuna tofauti ya volteji na balbu zinazima. Masafa yakitofautiana kwa hezi 0.1, balbu zitawaka na kuzima polepole, mara moja kila sekunde 10. Anarekebisha mwendo wa maji mpaka mapigo hayo yawe ya taratibu kabisa, kisha, balbu zikiwa katikati ya kiza chao, anafunga swichi. Akiifunga zikiwa zimewaka, gridi italivuta gurudumu la tani nyingi lilingane nayo kwa mkupuo mmoja, na ekseli inaweza kukatika.

Tatizo hilohilo, likikuzwa, ni la nchi na nchi. Laini ya kilovolti 400 kati ya Isinya na Singida ni ya AC. Ikishaungwa, Kenya na Tanzania zinalazimika kuwa na wimbi moja, na mtambo wa Rufiji ukitoka ghafla mita ya masafa ya Nairobi itatikisika. Umeme wa Ethiopia unaoletwa Kenya ulichaguliwa njia nyingine. Kutoka Wolayita Sodo hadi Suswa, zaidi ya kilomita 1,000, unasafiri kama DC ya kilovolti 500, hauna kilele, bonde wala fezi, na gridi za pande mbili zinaweza kupishana zitakavyo. Wimbi linaundwa upya Suswa. Hapo mitambo hupima bila kukoma ni lini volteji ya Kenya inavuka sifuri, na hufungulia swichi zake za silikoni kwa kufuata kipimo hicho, fezi moja baada ya nyingine. Swichi ikichelewa milisekunde moja, imekosea kwa nyuzi 18.